Mkia umeachia angani: itafute ajali ya pili ndani ya ile ya kwanza

SWALI: Nina helikopta ya rimoti ya umeme, daraja la ukubwa la 500, yenye jairo ya kielektroniki (kifaa kinachohisi mzunguko na kuuzuia mkia usipotee). Ajali ya kwanza niliisababisha mwenyewe. Niliielesha chini mno, mapanga yakapiga ardhi. Nikabadilisha mapanga, shafti kuu na bomba la mkia, ikaruka vizuri kwa muda. Juzi, nikiwa naipandisha kwa nguvu, mkia uliachia ghafla, ikazunguka kama pia hadi chini. Mezani servo ya mkia (kijimota kinachobadilisha pembe ya vipanga vya mkia) inafanya kazi. Wenzangu wanasema mawimbi yameingiliana, ninunue rimoti nyingine. Ni kweli? Na nitajuaje kilichoharibika?

JIBU: Pole sana, ndugu, na rimoti usinunue. Rudia kusoma maelezo yako mwenyewe. Unasema ulibadilisha mapanga, shafti kuu na bomba la mkia, yaani vile vilivyovunjika waziwazi. Hujataja gia za mkia, wala shafti ndefu inayopita ndani ya lile bomba, wala ekseli inayobeba mapanga, wala beringi hata moja. Nina imani kubwa kwamba ajali ya pili ilizaliwa siku ile ya kwanza. Kuna kipande kiliumia mapanga yalipopiga ardhi, kikabaki ndani kwa sababu kwa macho kilikuwa kizima, kikavumilia safari kadhaa, kisha kikaachia siku ulipokibebesha mzigo mkubwa. Ajali nyingi ambazo watu huziita za ghafla ziko hivyo, na hii ndiyo sababu ninakuomba usiwe na haraka ya kuagiza chochote kabla hujayasoma mabaki.

Ila betri haisubiri. Kama betri ya lithiamu bado imo kwenye mabaki, itoe sasa hivi, kisha ndipo uendelee kusoma. Iweke nje, juu ya zege au mchanga, mbali na chochote kinachoshika moto, na uiache huko kwa saa nyingi. Seli iliyobonyea inaweza kutulia kimya kisha ikawaka baadaye. Ikiwa imevimba, imebonyea kona au inatoa harufu tamutamu ya kemikali, usiichaji tena hata kama kipimo kinaonyesha volti nzuri. Seli nzima ikijaa husoma volti 4.2, na iliyojeruhiwa nayo inaweza kusoma hivyohivyo, kwa hiyo namba hiyo peke yake haikuhakikishii usalama.

Sasa mabaki. Wengi huyazoa yote kwenye mfuko, wakifika nyumbani wanaanza kufungua bolti, na ushahidi wote unapotea hapo. Kipande kilichookotwa mbali na mahali helikopta ilipoangukia kilichomoka ikiwa bado juu. Kilichovunjwa na ardhi kwa kawaida hulala jirani na mwili. Kama bado unakumbuka uliokota nini wapi, kiandike leo kabla hujasahau. Na kama kuna mtu alirekodi video, hata ya simu, itafute.

Chukua kwanza vipanga viwili vya mkia uvitazame ncha kwa karibu, ikibidi kwa lenzi. Rota ya mkia huzunguka mara nne hadi tano kila rota kuu inapozunguka mara moja. Ikigusa ardhi na kasi yake yote, ncha hupasuka, huchanika au hukatika kabisa, na udongo hujipaka kwenye ukingo. Ukikuta ncha ni safi, hata rangi haijakwaruzika, huku bomba la mkia limepinda na fremu imepasuka, basi rota hiyo ilikuwa imesimama au inazunguka kivivu kabla haijafika chini. Hapo hutafuti tena servo wala jairo. Unatafuta mahali ambapo nguvu ya mota ilikatikia njiani.

Njia yenyewe ni fupi: gia iliyo chini ya gia kuu, gia za pembe za mbele, shafti ndefu, gia za pembe za nyuma, kisha shafti fupi ya rota ya mkia. Fungua kasha la mbele na la nyuma. Jino moja au mawili yaliyovunjika kwa mkato safi, na kasha halina takataka, mara nyingi ni kazi ya ardhi: vipanga vilikwama kwenye nyasi wakati mota bado inasukuma. Lakini ukikuta meno yametafunika mzunguko mzima, na unga wa plastiki umejipaka kwenye kuta za kasha na kuchanganyika na grisi, gia hizo zilikuwa zikirukana kabla ya kuanguka. Unga wa namna hiyo haupatikani kwa pigo moja la chini. Na gia kufikia hali hiyo kwa kawaida ni kwa sababu kasha lilipinda au beringi yake ilitoka mahali pake, meno yakawa yanashikana kwa ncha tu.

Meno yakiwa mazima, bado usiifutie kosa njia hii. Shafti ndefu ya mkia katika modeli nyingi ni tyubu ya alumini, na kila ncha ina kichwa kilichoingizwa ndani na kushikizwa kwa gundi. Pigo la ajali ya kwanza linaweza kuikata gundi hiyo bila kuacha alama yoyote nje. Ukizungusha rota kwa kidole, mkia unafuata. Ukiielesha taratibu, mkia unafuata. Siku unapovuta pichi (pembe ya mapanga) nyingi kwa mkupuo, mkia ukadai nguvu yake yote, kichwa kinateleza ndani ya tyubu na rota ya nyuma inabaki bila msukumo. Angalia jinsi hilo linavyofanana na ulichonieleza: iliachia wakati unaipandisha kwa nguvu. Kuipima ni rahisi. Kwa kalamu ya wino chora mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye kichwa hadi kwenye tyubu, ncha zote mbili. Shika kitovu cha rota kuu kisisogee, na kwa mkono mwingine shika kitovu cha rota ya mkia, usishike vipanga, usokote kidogo kidogo ukiongeza nguvu, upande mmoja kisha wa pili. Mstari ukikatika, umempata mchawi wako.

Nami ningeanzia hapo hapo, kwa sababu ulibadilisha bomba la nje na hukusema lolote juu ya shafti iliyomo ndani yake.

Upande ambao helikopta ilizungukia nao una habari. Mota inapozungusha mapanga kulia, mwili wa helikopta unataka kuzunguka kushoto, na kazi kubwa ya mkia ni kuuzuia. Helikopta nyingi za modeli zina rota inayozunguka kulia ukiitazama kwa juu, kama mishale ya saa. Mkia ukikosa nguvu, pua hukimbilia kushoto. Kama pua yako ilikimbilia kulia, basi rota ya mkia ilikuwa hai na inasukuma kupita kiasi: huenda servo ilikwama upande mmoja, au fimbo inayounganisha servo na mkia ilipinda ikang'ang'ania, au jairo ilipata taarifa mbovu. Kuna hali ya katikati ambayo huwachanganya watu, pale kiungo cha gololi cha fimbo ya mkia kinapochomoka. Rota bado inazunguka, ila vipanga vinajilaza kwenye pembe ndogo na havisukumi vya kutosha, hivyo mwili unazunguka kushoto lakini ncha za vipanga zitakuwa zimeumia zilipogusa ardhi. Ndiyo maana ncha na upande wa mzunguko visomwe pamoja.

Servo kufanya kazi mezani kunathibitisha machache. Jino moja la gia ya servo likipasuka, servo itakwenda na kurudi vizuri bila mzigo, kisha itateleza pale vipanga vinapopambana na hewa. Chomoa fimbo, zima umeme, usogeze mkono wa servo polepole kwa vidole kutoka mwisho hadi mwisho. Unatafuta mahali pamoja panaporuka au panapokwaruza. Washa umeme, ukiwa umezichomoa nyaya za mota, utazame mkono huo ukiwa katikati. Ukitetemeka wenyewe bila amri, usiirudishe angani.

Sehemu ya mwisho ya mkia kukagua ni ile bushi inayoteleza kwenye shafti fupi na kubadilisha pembe ya vipanga, pamoja na beringi zake ndogo. Zishike na kuzizungusha. Zikiwa na mchanga, zikikwamakwama au zikicheza, zitupe. Usione ni kitu kidogo. Tarehe 27 Oktoba 2018 helikopta kubwa ya abiria, AW169, ilianguka nje ya uwanja wa mpira wa Leicester, Uingereza, na watu watano wakafa. Wachunguzi wa ajali za anga wa nchi hiyo walibaini kwamba chanzo kilikuwa beringi kwenye mfumo wa kubadilisha pembe za rota ya mkia. Ilikwama, na rubani akapoteza udhibiti wa mkia. Beringi ya kazi hiyohiyo imo kwenye helikopta yako, na yako imeshapigwa chini mara mbili.

Kuhusu mawimbi. Imani hii haikuanza bure. Enzi za masafa ya 35 MHz Ulaya na 72 MHz Marekani, mtu akiwasha rimoti yenye chaneli kama yako, helikopta yako ilianguka, na hakukuwa na ubishi. Rimoti za 2.4 GHz zinatambuana na risiva zake, yaani vipokezi vilivyomo kwenye helikopta, na mawimbi yake yameenezwa au hurukaruka kwenye masafa mengi, hivyo jirani kukuangusha ni nadra. Ikitokea risiva imepoteza mawasiliano, huingia kwenye hali ya dharura uliyoipanga, ambayo inapaswa kuwa ni kukata mota. Amri zote zinapotea kwa pamoja. Ikiwa ulikuwa bado unaweza kuiinamisha mbele na nyuma huku mkia umeachia, risiva ilikuwa inakusikia.

Kinachofanana na tatizo la mawimbi ni umeme kushuka. Servo nne zikivuta kwa pamoja, hasa za kidijitali, kifaa kinachozilisha kikiwa dhaifu au plagi ikiwa imelegea, volti hudondoka kwa sekunde ndogo, risiva au jairo inajizima na kujiwasha upya. Baadhi ya risiva hupepesa taa baadaye kuonyesha kwamba ziliwahi kukatiwa umeme, na baadhi ya jairo huhifadhi kumbukumbu ya safari. Kaguzi hizo mbili hazigharimu kitu. Angalia pia antena: nyuzi za kaboni hupitisha umeme na kuziba mawimbi, kwa hiyo ncha za antena zisilale ndani ya fremu ya kaboni, na zikiwa mbili zitazamane kwa nyuzi 90.

Tukija kwenye kuitengeneza, naomba ubadili kanuni uliyotumia mara ya kwanza. Mapanga yakigusa ardhi mota ikiwa inasukuma, usiulize nini kimevunjika, uliza nini kilibeba pigo. Hesabu hii itakusaidia kuelewa. Chukua panga la gramu 60, kitovu cha uzito wake kiwe sentimita 25 kutoka shafti kuu, rota izunguke mara 2500 kwa dakika. Kila panga linajivuta kwenda nje kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 100 hivi, na ncha yake inapita kilomita 400 kwa saa. Hiyo ni safari ya kawaida kabisa, bila ajali. Mzigo wote huo unaning'inia kwenye ekseli moja nyembamba ya chuma na bolti mbili ndogo kwenye ncha zake. Ekseli iliyopigwa ikapinda kwa unene wa unywele itaendelea kubeba, ila itakuwa inapindwa na kunyooshwa kwa kila mzunguko, na chuma kinachopindwa hivyo huchoka na kukatika. Siku ikikatika, panga linaondoka na kasi ile.

Kwa hiyo ekseli ya mapanga na bolti zake hubadilishwa kila mapanga yanapogusa ardhi, bila kujadili. Wengine huiviringisha juu ya kioo, wakiona haitikisiki wanairudisha. Mimi siafiki. Kioo kinafaa kwa shafti kuu na shafti fupi ya mkia, ambako kupinda ndiyo hofu kubwa. Kwa ekseli ya mapanga kioo kitakuonyesha iliyopinda, lakini iliyonyooka ikiwa na ufa mdogo kwenye nyuzi za bolti hakiwezi kukuonyesha. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vingi kwenye helikopta nzima, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Bolti inayopita kwenye shafti kuu na kukifunga kichwa cha rota iingie kwenye kundi hilohilo.

Ukifika kwenye vishikio vya mapanga, fanya taratibu na beringi zinazobeba ule mvuto wa kwenda nje. Kila moja ina pete mbili za chuma na gololi katikati, na pete hizo hazilingani: moja ina tundu kubwa kidogo kuliko nyingine. Yenye tundu kubwa hukaa upande wa katikati ya rota, yenye tundu dogo hukaa upande wa nje, kwenye bolti. Zikigeuzwa, pete inayotakiwa kuzunguka huru inasuguana na ekseli, mapanga yanakuwa mazito kugeuza pembe, servo zinachoka, na beringi inajila yenyewe. Ukishindwa kuona tofauti kwa macho, ziingize kwenye ekseli: moja itakaa sawasawa, nyingine itacheza kidogo. Weka grisi, na gololi zikionyesha hata kijidoa cha kubonyea, zibadilishe zote mbili, kulia na kushoto.

Bolti ya chuma inayoingia kwenye chuma ipate gundi ya kufungia bolti, ile ya nguvu ya kati, ambayo kwa kawaida huwa ya buluu. Safisha nyuzi kwanza kwa spiriti, maana mafuta ya kiwandani huizuia gundi isishike. Usiamini bolti zilizofungwa na muuzaji, zifungue uzifunge upya. Gundi hiyo isiguse plastiki, huidhoofisha hadi ipasuke.

Pinioni, yaani gia ndogo ya mota, na gia kuu zisibanane wala zisiachane. Weka kipande cha karatasi ya kawaida kati ya meno, sukuma mota ikae, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Izungushe gia kuu mzunguko mzima, na ukikuta sehemu moja inabana na nyingine imelegea, gia imepinda au shafti kuu haijanyooka. Kagua pia beringi ya njia moja: shika gia kuu, zungusha kichwa cha rota. Upande mmoja kizunguke huru, upande wa pili kishike papo hapo bila kuteleza hata kidogo. Viungo vya gololi vilivyolegea badilisha vyote, havina thamani ya kuvibania.

Kabla ya kufunga mapanga, iwashe bila mapanga makuu na bila vipanga vya mkia, kasi ndogo, uisikilize na kuitazama. Swashipleti, ile sahani inayopeleka amri za servo kwenye mapanga, inaweza kujiinamisha yenyewe wakati huo, nayo ni kawaida kwa kuwa jairo haipati majibu ya hewa. Unachotafuta ni mtetemo. Weka kidole kwenye fremu chini ya jairo: mtetemo mwembamba wa haraka, unaouhisi kama mwasho, kwa kawaida unatoka mkiani, na ndio unaoilaghai jairo hadi mkia ukaanza kupotea taratibu. Mtetemo mnene wa polepole unatoka kwenye rota kuu. Usiufiche kwa kubandika sponji nene chini ya jairo. Ufuate hadi kwenye shafti au beringi yake.

Jambo moja la mikono. Mkia ukiachia tena, kata mota kwa swichi papo hapo. Mota ikikatika, ile nguvu inayozungusha mwili nayo inakatika, mzunguko unapungua, na mapanga yaliyobaki na kasi yanaweza kukushushia helikopta kwa heshima kiasi. Mtu anayeendelea kuvuta pichi ili isianguke anaongeza hicho hicho kinachoizungusha. Zoeza kidole chako swichi hiyo ukiwa chini, rota imesimama, hadi usiitafute kwa macho.

Na usimame mbali. Mwaka 2013 kijana wa miaka 19 alikufa huko New York baada ya kupigwa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe, naye alikuwa mrushaji mzoefu. Ya kwako ni ndogo kuliko ile, lakini ile hesabu ya kilo 100 inakuhusu. Safari ya kwanza baada ya matengenezo iwe mita 10 au zaidi kutoka ulipo, bila mtu pembeni, wala usiwe kwenye usawa wa duara la mapanga inapoanza kuzunguka. Elesha kwa dakika mbili, tua, chomoa betri. Gusa mota, gusa kasha la gia za nyuma, shika kila kishikio cha panga ukivute nje na kukitikisa. Tazama mistari ya wino uliyochora kwenye shafti ya mkia. Fungua kasha la nyuma ili uione. Kukiwa na joto lisilo la kawaida au mstari umesogea, irudishe mezani. Vikiwa sawa, ongeza mzigo safari inayofuata, si hiyo hiyo, na ule mpando wa nguvu uuache hadi betri ya tatu au ya nne, ukiwa umekagua kila baada ya kutua.